Bomba lipi ununue kwa pampu ya kurudishia maji kwenye tangi la maji chumvi

Wafugaji wengi wa samaki wa baharini ninaowafahamu walitumia miezi kuchagua pampu. Walilinganisha makelele, wati na dhamana, wakauliza kila aliyewatangulia. Kisha mabomba ya kuiunganisha wakayanunua jioni moja, duka la vifaa vya ujenzi likikaribia kufungwa, chochote kilichokuwepo rafuni. Na mimi nilianza hivyo hivyo. Miaka kadhaa ya kufuga hapa Dar es Salaam, na kuwasaidia wenzangu kufunga matangi yao, imenionyesha kwamba bomba ndilo linaloamua pampu itatoa lita ngapi, na ndilo linaloamua maji yatakwenda wapi umeme ukikatika saa nane za usiku.

Kwa hiyo hapa sipangi pampu. Napanga mabomba, kuanzia lile ambalo ningelinunua leo kwa pesa yangu hadi lile ambalo nikiliona kwa rafiki namwomba alitoe.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaanza, mfumo wenyewe ni huu. Tangi la juu lina kisanduku pembeni ambamo maji yanamwagikia na kushuka kwa uzito wake hadi tangi la chini, ndani ya kabati, ambalo wafugaji tunaliita sampu. Humo ndimo zinakaa soksi ya kuchujia, skima inayotoa uchafu kwa mapovu, na mwisho kabisa pampu inayorudisha maji juu. Njia ya kushuka ina masharti yake na nitaiacha kwa siku nyingine. Hapa nazungumzia njia ya kupanda tu.

Mifano yote nitaitoa kwenye tangi la sentimita 120 kwa 50, lenye maji kama lita 300, kwa sababu ndiyo saizi inayoonekana sana majumbani. Tangi kama hilo linatosheka na mzunguko wa mara tatu hadi tano kwa saa kupitia sampu, na mimi huongeza kidogo juu ya hapo, nalenga lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa. Zamani watu walitaka mara kumi. Siku hizi mkondo ambao matumbawe yanauhitaji unatolewa na pampu ndogo za mawimbi zilizo ndani ya tangi lenyewe, kwa hiyo pampu ya kurudishia haina haja ya kubeba mzigo huo.

Kwanza, upana wa ndani

Namba iliyo kwenye boksi la pampu imepimwa maji yakiwa hayapandi hata sentimita moja. Chukua Eheim 1260, pampu ya Kijerumani ambayo wengi wanaiamini. Imeandikwa lita 2,400 kwa saa na kimo cha mita 3.7. Maana yake, ukiiinulia bomba hadi mita 3.7 maji yanasimama. Kati ya sifuri na 3.7 lita zinapungua kadiri kimo kinavyoongezeka, na kimo hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwinuko halisi, unaopimwa kutoka uso wa maji ya sampu hadi uso wa maji ya tangi la juu, wala si kutoka pale pampu ilipolala. Kwenye tangi letu ni kama mita 1.1. Ya pili ni msuguano wa maji ndani ya bomba, nayo ndiyo inayotegemea pesa zako dukani.

Nilipiga hesabu ya lita 2,000 kwa saa kupita kwenye bomba la urefu wa mita mbili. Mpira wenye tundu la milimita 16 unaongeza kimo kwa takriban mita 1.2, yaani umeujenga mnara wa pili juu ya ule ulionao. PPR, ile ya plastiki inayochomelewa kwa joto, ya milimita 32 kwa nje na yenye ukuta mnene, inaongeza kama sentimita 30. PVC ya presha ya 32 inaongeza sentimita 8 hivi. Ni pampu ile ile, urefu ule ule, na maji yale yale. Hapo bado hujaweka viwiko, yaani elbo, na kila elbo ya nyuzi 90 kwenye njia nyembamba inakula sentimita nyingine 30 au 40, wakati kwenye njia pana inakula kama 5.

Watu wa pwani hili linatuhusu kuliko wengine. Njia ikiwa nyembamba, mtu anajibu kwa kununua pampu kubwa zaidi. Pampu kubwa inakula umeme mwingi, na pampu iliyozama inauachia umeme huo ndani ya maji kama joto. Matumbawe yanapenda nyuzi 24 hadi 27, na yakikaa juu ya 30 yanaanza kupauka. Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa pili, nyumba isiyo na kiyoyozi inagusa 30 yenyewe bila msaada wa pampu. Milimita chache za upana wa bomba zinakuokoa digrii, na digrii ndizo zinazotusumbua.

Namba moja: PVC ya gundi ya milimita 32, na kipande cha mpira kwenye pampu

Hii ndiyo ningeinunua leo kwa tangi lolote la lita 150 na kuendelea. Naisema PVC ya presha, ya kupitishia maji safi. Ile nyepesi ya maji taka na ile ya kupitishia nyaya za umeme ziache. Mwilini mwa bomba kumechapishwa kipenyo cha nje na daraja la shinikizo, kwa mfano 32 na PN10 au PN16. Muuzaji anaweza kukusukumia iliyo nene akisema ni imara zaidi. Kwa kazi yetu haina faida kubwa, kwa kuwa maji yaliyoinuliwa mita moja na nusu yanasukuma kwa bar 0.15 tu, na PN10 imetengenezwa kubeba bar 10. Tofauti utakayoiona ni tundu: kwenye 32 ya PN16 tundu la ndani ni kama milimita 27, na kwenye PN10 linakaribia 29.

Sifa yake kubwa ni kwamba ikishagundishwa sawasawa haivuji, haipindi na haichomoki. Hailiwi na chumvi, haitoi kitu kwenye maji gundi ikishakauka, na mwanga haupiti kwa hiyo mwani hauoti ndani. Bomba la mita 6 linakutosha na kubaki. Elbo na tii zake zinapatikana kila mtaa wenye duka la vifaa vya ujenzi.

Udhaifu wake ni mbili. Wa kwanza ni kelele. Bomba gumu lililoungwa moja kwa moja na pampu linabeba mtetemo hadi kwenye kioo na kabati, na sebule inanguruma usiku kucha. Dawa yake ni kipande cha sentimita 10 hadi 15 cha mpira laini, wa silikoni ukiupata, kati ya pampu na PVC. Kipande hicho kifupi hakipunguzi maji kwa kiasi cha kuonekana, ila kina masharti: kikae ndani ya sampu, juu ya maji ya sampu yenyewe, ili hata kikichomoka maji yaangukie humo humo. Nimeona watu wakiweka mpira huo nyuma ya kabati, mahali ambapo mkono haufiki. Huko ukichomoka, pampu inamwaga sampu yote sakafuni kabla hujapata viatu.

Udhaifu wa pili ni kwamba ukishagundisha umemaliza. Hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana yunioni, kile kiungo kinachofunguka kwa kulegeza pete, si pambo. Weka moja juu kidogo ya pampu, mahali ambapo mkono wako unaingia bila kukwaruzika, na ikiwezekana iwe boli valvu (koki ya kufungia maji) yenye yunioni ndani yake, zile zinazouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Pampu ya maji chumvi lazima itoke kila miezi mitatu hivi iogeshwe kwa siki, kwa sababu chokaa inaganda kwenye panga lake na kwenye mhimili. Ukishafunga valvu na kulegeza pete ya yunioni, kazi hiyo inakuwa ya dakika kumi. Bila yunioni ni kazi ya kukata bomba, na mtu anayejua atalazimika kukata bomba huahirisha hadi pampu ife.

Kuhusu gundi, sitaki kurefusha, ila mambo haya usiyaruke. Panga kila kitu bila gundi kwanza, chora alama za kalamu kwenye kila kiungo, ndipo ufungue kopo. Kata wima, toa mabaki kwa tupa au msasa, paka pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Kisha liache lilale hadi kesho, saa 24, dirisha likiwa wazi. Ulisuuze kwa maji baridi kabla ya kuligusisha na maji ya samaki.

Na pale unapotaka kupinda, badala ya elbo moja ya nyuzi 90 tumia mbili za 45 kama nafasi inaruhusu. Maji yanapita kwa utulivu zaidi na gharama ni ile ile ya soda.

Tahadhari ya inchi na milimita, kwa sababu imeshawagharimu wengi

PVC ya maduka yetu kwa wingi ni ya milimita, lakini mafundi wanaitaja kwa inchi: 25 wanaiita robo tatu, 32 wanaiita inchi moja. Vifaa vya akwariamu vinavyotoka Marekani ni vya inchi za kweli, na bomba la inchi moja la Marekani lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4. Ukilinganisha kwa macho vinafanana. Bomba la 32 linaingia kwenye soketi ya Kimarekani likiwa limelegea, na gundi ya PVC haijazi pengo. Itashika siku ya kwanza na kuvuja wiki ya pili. Nenda dukani na kipande chenyewe mkononi, na kama viungo vyako ni vya nje, tafuta adapta ya nyuzi, yaani yenye meno ya kukazia kama skrubu, uiweke katikati.

Nyuzi nazo zina ukabila wake. Pampu za Ulaya kwa kawaida zina nyuzi za BSP, ndizo za mabomba yetu, na za Marekani zina NPT. Kwenye nusu inchi na robo tatu zote zina nyuzi 14 kwa inchi, na kwa tepu nyeupe ya kutosha zitakubaliana. Kwenye inchi moja hazikubaliani kabisa: moja ina 11, nyingine 11 na nusu. Usilazimishe kwa rinchi, plastiki itapasuka.

Ukiagiza pampu yenyewe kupitia ndugu aliye nje, mkumbushe umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Dubai na Muscat wanatumia hezi 50 kama sisi, kwa hiyo pampu za huko zinafaa. Ya Marekani ni volti 120 na hezi 60, na hata ukiiwekea transfoma itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17 kuliko ilivyoandikwa. Pampu za umeme wa betri, zile za DC za volti 24 kama nyingi za Jebao, hazina tatizo hilo maadamu adapta yake inakubali volti zote.

Namba mbili: paipu nyeusi ya roli na viungo vya kukaza kwa mkono

Hili ni chaguo ambalo miongozo mingi ya Ulaya na Marekani hailitaji, na kwetu liko kila mahali. Ni ile paipu nyeusi ya poliethilini, HDPE, inayotumika kuvutia maji majumbani na kumwagilia mashamba. Inauzwa kwa roli, lakini maduka mengi yanakata kwa mita. Viungo vyake ni vya plastiki, vina pete ya mpira na kola ya kung'ata, na unavikaza kwa mkono bila gundi.

Naipenda kwa sababu kila kiungo ni yunioni. Kesho ukigundua skima mpya haiingii kwa sababu bomba limekaa vibaya, unalegeza, unakata, unakaza tena. Tundu lake ni pana: ya 32 ya PN10 ina takriban milimita 28 ndani. Nyeusi haipitishi mwanga. Na kwa kuwa inapindika kidogo, haibebi mtetemo kama PVC.

Kinachoiweka nyuma ya PVC ni ubishi wake. Imezoea umbo la roli, na ndani ya kabati dogo inasukuma viungo kuelekea ilikokuwa imekunjwa. Viungo vyenyewe ni vinene, elbo moja ya 32 inajaza kiganja. Kama kabati lako lina nafasi ya kutosha na wewe ni mtu wa kubadilisha mambo mara kwa mara, iweke namba moja na usiniulize. Ikate jana yake, uifunge kwenye ubao ulionyooka, uianike juani mchana kutwa. Inatulia.

Kagua tu viungo kabla ya kulipa. Baadhi vina sehemu ya nyuzi yenye kiini cha brasi. Hiyo usichukue, na sababu naieleza mbele.

Namba tatu: mpira mmoja mzima kutoka pampu hadi juu

Kwa tangi dogo la lita 60 hadi 150, hili ndilo chaguo langu na wala silioni kama la kubana matumizi. Mpira mmoja usio na kiungo katikati una sehemu mbili tu zinazoweza kuvuja, mwanzo na mwisho. Hauhitaji fundi. Haubebi mtetemo. Unaukata kwa kisu.

Ununue wa rangi, mweusi au kijani kizito, wenye ukuta mnene unaokataa kubonyea ukiupinda. Tundu liwe sawa na mdomo wa pampu au kubwa zaidi, kamwe lisiwe dogo. Tangi la lita 100 linahitaji lita 400 au 500 kwa saa, na kwa kiasi hicho hata milimita 16 inatosha bila malalamiko. Ndiyo sababu mpira huo huo niliousema vibaya juu unafaa hapa.

Klipu zake ndizo zinazoponza. Zile za chuma cha pua za kukaza kwa bisibisi, zinazouzwa kwa magari, zinaota kutu kwenye hewa ya chumvi ingawa zimeandikwa haziwezi. Bendi yake hudumu, parafujo ndiyo inayooza, na siku unapotaka kulegeza haizunguki. Tafuta klipu za plastiki zenye meno. Ukizikosa, funga mbili za kamba za plastiki za kufungia nyaya, kila moja ikikaza upande wake, na uzibadilishe kila mwaka.

Kwenye tangi la lita 300 sishauri njia hii. Mpira wa upana unaotosha, 25 au zaidi, haupindi bila kujikunja, na mkunjo mmoja nyuma ya tangi unazuia maji polepole bila wewe kujua, mpaka siku unashangaa kwa nini uso wa maji una utando wa mafuta.

Namba nne: PPR

Hapa najua nitabishana na mafundi bomba, maana PPR, ile ya kijani au nyeupe inayochomelewa kwa pasi, ndiyo fahari yao siku hizi, na kwa nyumba ni bomba zuri sana. Kiungo kilichochomelewa kinakuwa kitu kimoja na bomba. Ni salama kwa maji ya kunywa, hivyo ni salama kwa samaki.

Ninaiweka nyuma kwa ukuta wake. PPR imenenepeshwa ili ibebe maji ya moto yenye shinikizo, na sisi hatuna maji ya moto wala shinikizo. Ya 25 ya PN20 ina tundu la milimita 16.6 tu. Mtu anainunua akidhani ameweka robo tatu inchi, kumbe ameweka mpira wa bustani. Ili upate njia inayokaribia PVC ya 32 inabidi ununue PPR ya 40, na viungo vyake ni vizito na ghali. Uchomeleaji wenyewe ukizidisha joto unaacha pete ya plastiki iliyovimba ndani, na tundu linazidi kubana mahali usipoweza kuona.

Halafu kuna suala la brasi. Viungo vya PPR vyenye nyuzi, karibu vyote, vina kiini cha brasi kilichopakwa rangi ya fedha, na ndivyo utakavyopewa kuunganisha na pampu. Brasi ni shaba na zinki. Maji ya bahari yanakula ule mpako, kisha yanaanza kuramba shaba. Samaki wenyewe wanastahimili shaba kidogo, ndiyo maana inatumika kama dawa ya madoa meupe kwenye tangi la karantini, kwa kipimo cha sehemu ndogo ya miligramu moja kwa lita. Kipimo hicho hicho kinaua kamba, konokono, matumbawe na karibu kila kiumbe kisicho na uti wa mgongo. Na mawe ya tangi yanainyonya shaba na kuiachia taratibu kwa miezi. Nilimsaidia jirani kutafuta kwa nini kamba wake walikuwa wanakufa siku chache baada ya kuwaleta. Chumvi ilikuwa sawa, joto sawa, amonia hakuna. Tulipoifungua yunioni ya PPR tulikuta ukijani kwenye nyuzi. Ilibidi abadilishe bomba lote na mawe.

Kama tayari una PPR ya 32 au zaidi na hakuna hata kiungo kimoja cha brasi, baki nayo. Kununua upya, sikushauri.

Namba tano: mpira unaoona ndani

Ule mpira mweupe kama kioo, unaouzwa kwa mita na kupendwa kwa sababu unaona maji yakipita. Miezi ya kwanza unapendeza. Kisha mwanga unauletea mwani ndani, unakuwa wa kijani, kisha kahawia, na tundu linapungua kila wiki. Baada ya mwaka plastiki inakakamaa, na mpira uliokakamaa unateleza kwenye mdomo wa pampu hata klipu iwe mpya. Utumie kwa kubadilishia maji, ambako unaukausha na kuuning'iniza. Kwa njia ya kurudishia, inayofanya kazi saa 24, hapana. Mpira wa bustani wa kawaida ninauweka hapa hapa: haujatengenezwa kwa maji ya kunywa, na unajikunja.

Chini ya hapo hakuna daraja. Bomba la chuma lililopakwa zinki, bomba la shaba, geti valvu ya brasi yenye gurudumu jekundu, na pampu za kupandishia maji ya nyumba zenye panga la brasi, vyote viache dukani. Muuzaji akisema "hii ni chuma tu, haina shida," msikilize kwa adabu na uondoke.

Valvu ya kuzuia maji kurudi, na hesabu ya umeme kukatika

Pampu ikizimika, maji yaliyo juu yanajivuta kurudi chini kupitia bomba lile lile, kama unavyonyonya petroli kwa mpira, mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Wauzaji watakuuzia valvu ya kuzuia maji kurudi na kukwambia tatizo limekwisha. Mimi niliinunua. Mdomo wa bomba langu ulikuwa sentimita 15 chini ya maji, kwa sababu nilipenda mkondo upige mawe ya chini, na nikaiamini valvu. Usiku mmoja umeme ulikatika, na asubuhi nikakuta zulia limelowa hadi mlangoni. Konokono mdogo kuliko punje ya mchele alikuwa amekaa kwenye kizibo, na kizibo hakikufunga.

Hesabu ilikuwa inaonekana tangu mwanzo kama ningeipiga. Tangi la 120 kwa 50 lina lita 6 kwa kila sentimita ya kina. Sentimita 15 ni lita 90. Sampu yangu, 75 kwa 40, inapokea lita 3 kwa sentimita, na ilikuwa na nafasi ya sentimita 13 juu ya maji, yaani lita 39. Zaidi ya lita 50 hazikuwa na mahali pa kwenda ila sebuleni.

Sasa mdomo wa bomba uko sentimita 2 chini ya uso wa maji. Ni lita 12, na sampu inapanda sentimita 4, ukiongeza maji yaliyokuwa njiani. Kwenye elbo ya juu nimetoboa tundu la milimita 5, sentimita moja chini ya uso wa maji, likielekea ndani ya tangi, ili hewa iingie mapema zaidi. Tundu hilo nalisugua kwa mswaki kila ninaposafisha kioo, kwa kuwa chokaa na mwani wanalipenda. Ukitaka kuongeza valvu ya kuzuia, nunua ya PVC yenye kifuniko kinachoona ndani na yunioni pande zote, na ihesabu kama ziada tu. Sampu yako iwe na nafasi ya kupokea maji yote kana kwamba valvu haipo.

Boli valvu moja inatosha, upande wa kutokea maji. Upande wa pampu kunyonya usiweke kizuizi chochote, kwani pampu inayonyimwa maji inachemka na kupiga kelele. Kama pampu ni ya DC, mwendo unaupunguza kwenye kidhibiti chake na valvu inabaki ya kufungia wakati wa usafi tu. Kingine kizuri cha DC ni kwamba nyingi zinakubali betri, na umeme wetu unavyokatika, hilo lina uzito.

Kama ningekwenda dukani kesho kwa lile tangi la lita 300, ningerudi na PVC ya 32 bomba moja, elbo mbili za 90 na nne za 45, boli valvu moja yenye yunioni, adapta ya nyuzi ya plastiki inayolingana na pampu, mpira wa silikoni sentimita 20 na nipo yake (kiungo cha kuchomekea mpira), klipu mbili za plastiki, kopo dogo la gundi na tepu nyeupe. Tangi lililotobolewa linahitaji pia tanki-konekta ya PVC, yaani kiungo cha kupitishia bomba kwenye kioo, na pete yake ya mpira ikae upande wa ndani wa kioo, kwenye maji.

Kabla ya chumvi hata gramu moja, jaza maji ya bomba la kawaida na uendeshe siku nzima. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, inaonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii. Halafu chomoa pampu ukutani na usimame hapo hapo utazame sampu ikipanda mpaka itulie. Washa, subiri maji yakae sawa, zima tena. Mara ya tatu, pampu ikiwa inafanya kazi, chora mstari kwa kalamu isiyofutika pale maji ya sampu yalipo. Unapoongeza maji yaliyokauka, usiuvuke mstari huo.